Siku Vinu Vilipopinduliwa

Soda ya bure haijawahi kuwa ya bure, na Épiphanie hakuinywa. Aliishika mpaka ikapata joto mkononi, akaiweka chini kati ya miguu yake, akaendelea kuwatazama watu mmoja mmoja. Kreti sita nzima! Athuman huyu huyu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mpanda mjini, mtu ambaye hajawahi kumkopesha binadamu msumari mmoja, leo anagawia kijiji kizima soda kama vile anaoza binti? Anautaka udiwani, basi. Hilo hata watoto walilijua. Épiphanie alichotaka kujua ni nani mwingine mkutanoni pale alikuja na lake moyoni.

Walikuwa wamekaa ndani ya boma la darasa la Shule ya Msingi Mgorozi. Nasema boma kwa sababu darasa lina paa. Matofali waliyafyatua wenyewe wanakijiji, wakayachoma wenyewe, maji ya kazi hiyo akina mama wakayabeba kichwani kutoka mtoni, kuta zikapanda mpaka usawa wa lenta. Mabati waliiachia serikali, maana ndiyo yalikuwa makubaliano: wananchi wajenge, serikali iezeke. Mwaka wa nne huu. Novemba imefika, mawingu yamenuna, na watu wanatazama juu kila baada ya dakika mbili kama ng'ombe wanaosubiri pumba.

Mezani mbele walikuwa wawili. Mmoja ni Diwani Gelasius, ndani ya kaunda suti ya kijivu iliyombana kifuani. Wa pili ni kijana mwenye miwani, Bwana Naseeb, afisa wa elimu kutoka halmashauri, na mbele yake daftari jeusi kubwa. Mwalimu Mkuu Deusdedit hakuwekwa mezani. Kiti chake kilikuwa peke yake ukutani, na mgambo alikuwa amesimama karibu naye akijifanya anatazama mende.

"Mbona wamekuja na daftari?" Épiphanie alimnong'oneza Nyanzala, rafiki yake Msukuma anayekaa ng'ambo ya daraja.

"Mkutano si unaandikwa?"

"Mkutano unaandikwa kwenye karatasi. Lile ni daftari la watu."

Nyanzala akacheka kwa pua. "Nyie watu wa barabarani na wasiwasi wenu! Mtakufa na presha."

Watu wa barabarani ni hawa wa Kijiji Namba Tisa. Zamani, wakati wa makazi ya wakimbizi, vijiji viliitwa kwa namba, na familia zilizokimbia mauaji ya Burundi mwaka sabini na mbili zilipimiwa viwanja kando ya barabara moja ndefu ya vumbi. Watoto wao na wajukuu wao wako hapo hapo mpaka leo. Siku hizi ni raia, vyeti wanavyo, kura wanapiga, kodi wanalipa. Lakini cheti kinakaa sandukuni, woga unakaa mwilini, na haya mawili hayajawahi kukutana.

Diwani Gelasius akasimama.

"Ndugu zangu, tusidanganyane. Mwaka huu watoto sitini na mmoja wamefanya mtihani wa darasa la saba hapa. Wamefaulu tisa. Tisa! Wengine wanasema serikali, serikali. Serikali imefanya nini? Ada imefuta. Ruzuku inaleta. Nyie mnafanya nini? Mtoto anatumwa kufukuza ndege shambani, baba yuko kilabuni tangu saa nne asubuhi. Halafu akifeli mnaitafuta serikali!"

Athuman hakusubiri kuitwa. Aliruka kutoka benchi la nyuma na kofia yake mkononi.

"Shule ya nani hii, mheshimiwa? Si ya serikali? Basi shule ya serikali ikifeli, serikali imefeli! Walimu walikuwa tisa, mmewaondoa watano katikati ya mwaka. Mabati yaliyoahidiwa mmeyapeleka kwingine. Darasa moja lina watoto mia na ishirini, wanakaa chini kama wako msibani. Mzazi afanye nini hapo, aende yeye akafundishe hesabu?"

Boma zima likalipuka kwa makofi, na Épiphanie naye alipiga, ingawa soda hakunywa. Maneno ya mwanamume yule yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Mtu akikuambia kweli tupu wakati ana haja na wewe, mshike mkono uangalie na mwingine uko wapi.

Diwani hakutetereka. Alitabasamu, na tabasamu lile halikumpendeza Épiphanie hata kidogo.

"Umesema walimu wameondolewa. Ni kweli. Afisa, wasomee."

Bwana Naseeb akafungua daftari jeusi.

"Februari tarehe kumi na tatu," alisoma kwa sauti kavu, "ulifanyika uhakiki wa kushtukiza. Kwa mujibu wa vitabu vya mwalimu mkuu, Mgorozi ina wanafunzi mia sita arobaini na mmoja. Waliokutwa na kuhesabiwa ni mia moja themanini na nane."

Hakuna aliyepiga kofi.

"Mnasikia?" Diwani alinyoosha kidole kwenye kile kiti cha ukutani. "Watoto mia nne na hamsini na tatu ni hewa! Mwalimu huyu ameandika majina ya upepo ili ale ruzuku. Kwa watoto mia moja themanini na nane, walimu wanne wanatosha na wanabaki. Mabati yakaenda penye watoto wenye miili. Msiitukane serikali bure. Mwizi wenu ni huyu, na leo anaondoka hapa kwenda kujieleza polisi."

"Mheshimiwa," Mwalimu Deusdedit alisema bila kusimama. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Shule ya watoto mia moja themanini na nane inatoaje watahiniwa sitini na mmoja? Niliwaambia wahakiki siku ile ile kwamba watoto hawajaja."

"Shule zote husema hivyo," alijibu Diwani. Lakini Bwana Naseeb alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaitazama ile namba.

Épiphanie hakuwa anasikiliza tena. Mia moja themanini na nane. Ee Mungu wangu. Watoto wa ng'ambo ya daraja ndio hao, wa Wasukuma na wa wafanyabiashara. Alizijua nyumba zile, alijua zina watoto wangapi. Wa barabarani hawakuwepo hata mmoja siku ile, na aliyefanya wasiwepo alikuwa yeye.

Ilikuwa hivi. Februari ile, alfajiri, alikuwa amesimama njia panda na gunia la maharage akingoja pikipiki ya kumpeleka Mpanda. Gari likasimama. Ndani yake watu watatu na madaftari. Habari ya asubuhi hawakutoa. Mmoja akashusha kioo akauliza, "Mama, kwenye barabara hii kuna watoto wangapi?"

"Sijui, baba. Mimi mpita njia."

Gunia aliliacha pale pale. Alikata kupitia mashamba ya muhogo, akafika nyumbani hana pumzi, akakishika kinu chake cha kutwangia kwa mikono miwili akakipindua mlangoni, mdomo chini. Basi. Alama hiyo walikuja nayo wazee. Ukiona kinu cha jirani kimepinduliwa mlangoni, usiulize kwa nini: kipindue na chako, vuta watoto ndani, funga. Anayehesabu watu yuko njiani. Épiphanie aliiona mara mbili utotoni, na mara zote mbili halikutokea lolote, lakini nani ataacha dawa kwa sababu hakuugua? Saa moja na nusu haikufika, barabara nzima ilikuwa na vinu vinavyotazama ardhi.

Jioni yake Mwalimu Deusdedit alipita nyumba kwa nyumba akiuliza. Huyu alisema mtoto alikwenda kulinda shamba, yule alisema msiba. Épiphanie alisema, "Homa, mwalimu. Malaria imempiga Christina." Na Christina mwenyewe, mwanawe, alikuwa anatokea kisimani na ndoo ya maji, anaimba. Mwalimu alimtazama mtoto, akamtazama mama. "Apone haraka," akasema, akaenda zake. Hajawahi kulitaja tena. Christina alikuwa darasa la sita, na mwalimu yule ndiye pekee aliyebaki wa kumfundisha hesabu.

Épiphanie akageuka kuwatazama jirani zake. Joséline alikuwa anachunguza kucha zake. Mzee wa kanisa alikuwa anasoma kibandiko cha chupa ya soda, na kusoma hajui. Wote walikuwa wanajua! Kila mmoja anangoja mwenzake aseme, na kila mmoja anajiuliza nani atamtaja mwenzake. Mgambo akamgusa mwalimu begani.

"Simama."

Mwalimu akasimama. Hakumtazama mtu yeyote.

"Sio hewa!" Épiphanie alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa amesimama, na chupa ya soda ilikuwa imemwagika miguuni. "Watoto wapo. Tuliwaficha. Mimi ndiye niliyekipindua kinu cha kwanza."

Bwana Naseeb akakunja uso. "Kinu?"

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kuruka ruka, Kirundi kikimponyoka katikati, lakini alieleza. Nyuma yake mtu alisonya. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Anatuuza."

Athuman ndiye aliyemwahi. "Mama Christina, kaa chini, unaharibu! Tulishaibana serikali, wewe unaitoa!"

Na Diwani juu yake: "Muache aseme! Kumbe basi serikali haina kosa, wameficha wenyewe! Hebu tuambie, mama. Mtu mwenye karatasi safi anaficha mtoto ili iweje? Mna nini cha kuficha nyie?"

Hapo sasa. Swali lenyewe ndilo hilo, lile ambalo watu wa barabarani wamelikwepa tangu wapewe vyeti. Hasira ikampanda Épiphanie, na ahsante Mungu kwa hasira, maana ujasiri hakuwa nao.

"Mheshimiwa, usinitishe. Cheti ninacho, na kura nilikupa, ningejua hivi ningekula hiyo karatasi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mlikuja alfajiri kama mnaiba kuku! Mlishindwa kutuma barua kwa mwalimu? Mlishindwa kutangaza kanisani, kwamba tunahesabu watoto ili tuwaletee walimu na mabati? Ningemleta wangu nimempaka mafuta. Kosa langu ninalo, nimelisema. La kwenu nyie nani atalisema? Na wewe Athuman, unafurahi sisi tukionewa kwa sababu tukionewa unapata kura. Mtoto wangu anakaa chini, na nyie wote wawili mnamtumia yeye kama kigoda."

Ikasikika sauti ya Nyanzala, ya mshangao kabisa, ya mtu ambaye hana habari na lolote:

"Aah! Kumbe ndiyo maana siku ile vinu vyote vilikuwa kichwa chini? Mimi nilipita nikadhani ni mwiko wenu wa kizazi! Nikamwambia na mume wangu."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Bwana Naseeb hakucheka. Alipiga piga kalamu juu ya ile namba, mia moja themanini na nane, kisha akafunga daftari.

"Ripoti yangu naipeleka kesho mchana," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapa. Nitaita majina kutoka kwenye kitabu cha mwalimu, moja moja, kuanzia darasa la kwanza. La saba wameshamaliza, hao nitawathibitisha kwa namba za mtihani. Nikikuta watoto, nitaomba walimu warudishwe, na mabati nitayaandikia mimi mwenyewe. Nisipokuta, mwalimu anaenda polisi. Na wewe mama utaenda naye, kwa kudanganya ofisi mbele ya watu."

Mchana ule Épiphanie alitembea barabara nzima, mlango kwa mlango. Hakuna aliyemkaribisha kukaa. Walimsikiliza wamesimama mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Nani alikutuma useme mambo ya vinu mbele ya serikali?" aliuliza Joséline. "Wamekuahidi nini?"

"Wameniahidi polisi, hukusikia?"

"Na wako utampeleka?"

"Wangu atakuwa wa kwanza kuvaa sare. Usipomwona wangu, mchukue wako uondoke."

Joséline alimpima kwa macho kuanzia kandambili mpaka kilemba. "Tutaona," akasema. Wote walijibu hivyo hivyo. Tutaona.

Nyumbani, mama yake mzazi, Bibi Ernestine, alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nestori, mume wa Épiphanie, alikuwa ameenda Kibaoni kwenye mashamba ya mpunga, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: bibi, mama na Christina. Épiphanie alimsimulia mama yake yote. Bibi hakuacha kuchambua.

"Wataita majina?"

"Wataita, Mama."

"Shuleni?"

"Shuleni. Wengine wote wataitwa, na Christina pia."

Bibi Ernestine akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. Hakuuliza kitu kingine. Na Épiphanie, aliyekuwa amewashuku wanadamu wote siku ile, diwani, Athuman, afisa, majirani, hakupata shaka hata chembe juu ya mikono ile miwili inayochambua maharage. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani humtilia shaka mama yake?

Asubuhi aliondoka mapema. Alimwacha Christina anafunga kamba za viatu, akamwambia afuatane na bibi yake mpaka darajani. Njia nzima alikuwa anatazama milango. Kinu cha Joséline: kimesimama. Cha mzee wa kanisa: kimesimama. Alivihesabu kama mgonjwa anavyohesabu vidonge, mpaka darajani, na hakukuta hata kimoja kilichopinduliwa. Machozi yalimtoka akayafuta upesi, asionekane.

Na wakaja! Kwanza wachache, wameshikwa mikono na mama zao, wanasimama mbali, pembeni ya uwanja. Kisha makundi. Kisha barabara ikawa ya bluu na nyeupe tupu, vumbi linapanda mpaka usawa wa masikio yao. Mwalimu Deusdedit alisimama mlangoni mwa ofisi na kitabu cha mahudhurio kifuani. Diwani alikuja na suti ile ile. Athuman naye alikuja, bila soda.

Bwana Naseeb akaanza. Darasa la kwanza, jina baada ya jina. "Yupo!" Darasa la pili. "Yupo!" Watoto walikuwa wanaitika kwa nguvu zao zote, wanashindana. Akina mama walikuwa wamekaza mikono vifuani, lakini kila mtoto alipoandikwa na kubaki mzima, mabega yao yalishuka kidogo. Jua likapanda. La tatu, la nne, la tano. Mia nne na tisini walikuwa tayari wameandikwa.

"Darasa la sita. Christina Nestori."

Kimya.

Épiphanie akageuka. Alikuwa amezunguka muda wote akipanga mistari ya watoto wa watu, na wake hakumwangalia, alijua yuko nyuma.

"Christina Nestori," Bwana Naseeb akarudia, akainua kichwa.

"Hayupo!" Ilikuwa sauti ya Joséline, nyembamba kama sindano. "Mnaona? Mnaona jamani? Wetu katutolesha, wake kamficha! Alijua! Njoo hapa wewe!" Akamshika mwanawe ukosi wa shati akamvuta kutoka mstarini. Mwanamke mwingine akafanya hivyo hivyo. Mtoto mdogo akaanza kulia bila kujua analilia nini. Mstari ulianza kufumuka.

"Nawapa dakika kumi mrudi mstarini, la sivyo nafunga kitabu," alisema Bwana Naseeb. Diwani alitazama saa yake, na lile tabasamu likarudi. Mwalimu Deusdedit alimtazama Épiphanie jinsi ile ile alivyomtazama siku ile ya homa.

Alikimbia. Kandambili moja ilibaki darajani.

Kinu chake kilikuwa mlangoni, mdomo chini. Kimoja tu, barabara nzima. Alikiruka akaingia. Nyuma ya magunia ya mahindi, Christina alikuwa amekaa sakafuni na sare yake yote, begi mgongoni, mkono wake umeshikwa na bibi yake. Bibi Ernestine hakuwa analia. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa.

"Mama! Umefanya nini? Nipe mtoto!"

"Sikupi."

"Wanaondoka wote! Mwalimu anafungwa! Na mimi nafungwa!"

"Ukifungwa utarudi," alisema Bibi Ernestine. "Kaka yangu Arcade hakurudi."

Épiphanie alilijua jina hilo. Alijua kulikuwa na mjomba, akafa kule Burundi mwaka sabini na mbili. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kumwambia kitu.

"Alikuwa wa kwanza darasani," bibi akasema. "Hesabu alikuwa anazifanya kichwani. Walikuja shuleni na karatasi, mchana kweupe, wakaita majina. Tulifundishwa ukiitwa jina lako uitike kwa sauti, usimsumbue mwalimu. Akaitika kwa sauti. Wakampandisha kwenye lori na wenzake. Mimi nilikuwa darasa la pili, nilikuwa dirishani, alinipungia mkono. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anatwanga. Nilipomwambia, alikipindua kile kinu na unga wote ukamwagika. Na hakukisimamisha tena, tuliondoka kikiwa hivyo."

Épiphanie alikosa pa kushika. Miaka arobaini na mmoja ameijua alama ile, na hakuwahi kujua ilitoka kwa nani.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia ungekwenda shule?"

Dakika zilikuwa zinakwenda, zilikuwa zimeshakwenda, na hakuweza kumnyang'anya mama yake mkono ule. Mimi nasema nani angeweza.

Christina ndiye aliyeinuka. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mavumbi ya mahindi kichwani.

"Nyogokuru," alisema, maana siku zote yeye alimwita bibi yake kwa Kirundi. "Twende wote. Wakiniita sitaitika. Wewe uwaangalie kwanza. Ukiona ni wabaya, uniambie tukimbie, mimi nina mbio. Ukiona si wabaya, uitike wewe."

Bibi Ernestine akasimama, akijishikilia kwenye magunia. Mlangoni alisimama tena, akainama, akakishika kile kinu. Épiphanie alitaka kumsaidia, akasukumwa kwa kiwiko. Ajuza akakiinua peke yake, akakisimamisha, akakipangusa mdomo kwa kiganja.

Walipofika darajani watu walikuwa wameshaanza kurudi. Joséline alikuwa mbele, anamkokota mwanawe, mdomo uko tayari kwa matusi. Akamwona Christina. Akamwona na ajuza, ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga uwanja wa shule ile, hata siku ya mahafali, anakwenda mwendo wa taratibu katikati ya barabara. Matusi yakamwishia mdomoni. Akasimama, na waliokuwa nyuma yake wakasimama.

Bwana Naseeb alikuwa ameshafunika kalamu. Alipowaona akaifunua.

Bibi Ernestine alipita katikati ya watoto mpaka mezani kabisa. Alilitazama lile daftari jeusi. Aliutazama uso wa kijana yule, kwa karibu, kama mtu anayetafuta kitu sokoni na hataki kuuziwa kibovu. Akatazama nyuma yake, barabarani, upande wa kulia na wa kushoto. Hakukuwa na lori. Kulikuwa na pikipiki ya Athuman tu.

Bwana Naseeb hakumharakisha. Alingoja mpaka ajuza alipomaliza kutazama, kisha akasoma kwa sauti ya chini, tofauti na ile ya mwanzo:

"Christina Nestori."

Christina alimtazama bibi yake, midomo ameifunga. Ajuza akaubana mkono wa mtoto.

"Yupo," alisema Bibi Ernestine, kwa sauti, kama walivyofundishwa. "Andika."

Nyuma yao Joséline alimwachia mwanawe ukosi, akamsukuma mgongoni arudi mstarini. Bwana Naseeb akaandika, akaita jina lililofuata.